Msimamo wa NBA ni mazingaombwe: ushindi 48 Mashariki unapumzika, ushindi 48 Magharibi unatupwa kwenye mchujo

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo anayetafuta uzi wa kupongezana apite tu.

Kero yangu ni msimamo wenyewe wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani. Ile orodha yenye safu mbili, Mashariki huku na Magharibi kule, ambayo kila mwaka tunaambiwa ndiyo mizani ya mechi 82. Mizani gani hiyo? Hata muuza nyanya akipima hivi angefukuzwa sokoni.

Tuchukue msimu wa 2024/25. Milwaukee wamemaliza na ushindi 48 na vipigo 34. Golden State, ushindi 48 na vipigo 34. Memphis, ushindi 48 na vipigo 34. Timu tatu, ligi moja, hesabu ileile hadi nukta. Milwaukee wakawa wa 5 Mashariki, wakaingia mtoano moja kwa moja, wakapata karibu wiki nzima ya kupumzisha magoti. Wenzao wawili wakawa wa 7 na wa 8 Magharibi, wakaambiwa haya, nendeni mkaparurane kwenye mchujo, zile mechi ambazo wa 7 hadi wa 10 wa kila kanda wanagombea nafasi mbili za mwisho za mtoano.

Ndiyo, mimi ni wa Golden State. Nimeshasema, msinisumbue nayo huko chini.

Ile Jumapili ya Aprili 13 sitaisahau. Mechi ya mwisho ya msimu, Golden State nyumbani San Francisco dhidi ya Clippers, inaanza saa nne na nusu usiku kwetu. Nimejifunika shuka gubigubi na simu, sauti nimezima ili nisiamshe watu. Hesabu iko wazi: tukishinda tunaingia moja kwa moja, tukipoteza tunashuka kwenye mchujo. Curry wetu anaweka pointi 36, Butler wetu anaweka 30. Upande wa pili Harden ana 39, Kawhi ana 33. Dakika 48 zinaisha hakuna mbabe, muda wa ziada, saa saba ya usiku inapita, tunalala 124 kwa 119. Baada ya mechi 82 tofauti ni pointi tano, na zenyewe kwenye dakika za nyongeza. Nafungua msimamo, natazama upande wa Mashariki, nani yuko nafasi ya 6 kajikunjia miguu? Detroit, ushindi 44. Nikaitupa simu kitandani.

Mtaniambia sheria ni sheria, kila kanda na msimamo wake. Sawa, lakini tazameni ratiba inavyopangwa. Katika mechi 82, timu inacheza 52 ndani ya kanda yake na 30 tu na kanda nyingine. Ukiwa Magharibi, mechi 52 kati ya 82 ni dhidi ya genge lililokuwa na timu nane zenye ushindi 48 au zaidi. Mashariki timu za namna hiyo zilikuwa tano. Kwa hiyo ushindi 48 wa kule umelipiwa kwa jasho kubwa zaidi, halafu ndio unaopewa nafasi mbaya zaidi. Ni kama kumpa mtoto mtihani mgumu, apate alama sawa na mwenzake wa mtihani mwepesi, halafu yeye ndiye wa kurudia darasa.

Na msidhani wa 3 na wa 8 Magharibi waliachana sana. Lakers, Denver na Clippers wote walikuwa na 50. Minnesota 49. Golden State na Memphis 48. Kutoka nafasi ya 3 hadi ya 8 ni mechi mbili tu! Lakers wamekaa juu ya wenzao wa 50 kwa sababu tu walikuwa vinara wa kundi lao dogo la Pasifiki, maana kila kanda imegawanywa tena makundi madogo. Basi. Presha yenyewe ilikuwa ya kutoa roho: Memphis walimtimua kocha Taylor Jenkins mwishoni mwa Machi zikiwa zimebaki mechi tisa, Denver wakamtimua Michael Malone, kocha aliyewapa ubingwa wa 2023, zikiwa zimebaki mechi tatu. Mechi tatu, jamani! Mtu unamfukuza mpishi wali uko kwenye kukauka.

Halafu mtoano unaanza, na uwanja unaucheka msimamo. Wa 6 Minnesota anamtoa wa 3 Lakers kwa 4-1. Wa 7 Golden State anamtoa wa 2 Houston kwa mechi saba. Hizo namba zilikuwa na maana gani basi?

Sasa njooni Mashariki mwone mbeleko. Miami wamemaliza wa 10 na ushindi 37, vipigo 45. Yaani wamepoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda. Wakaenda mchujo, wakaipiga Chicago, wakaipiga Atlanta kwenye muda wa ziada, wakawa timu ya kwanza kuingia mtoano kutoka nafasi ya 10. Watu wakashangilia, "roho ya Miami", sijui nini. Wakakutana na Cleveland. Mechi ya kwanza wamepigwa kwa tofauti ya 21. Ya pili 9, hapo wakaonekana wanaume. Ya tatu, nyumbani kwao, 37. Ya nne, nyumbani kwao tena, 138 kwa 83. Hamsini na tano! Jumlisha zote nne ni pointi 122. Hadi siku hiyo hakuna timu iliyokuwa imepondwa hivyo kwenye mfululizo wowote wa mtoano tangu ligi izaliwe. Hicho ndicho tulichokosea usingizi.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba huu ugonjwa ni wa kuzaliwa nao. Mwaka 2008 Golden State hawahawa walimaliza na 48-34, wakawa wa 9, wakabaki nyumbani. Mashariki aliingia nani? Atlanta, 37-45. Rudia kusoma hizo namba, halafu tazama Miami ya 2025. Mwaka 2014 ikawa zamu ya Phoenix: 48-34, nje, Atlanta 38-44, ndani. Sijui namba 48 ina mkosi gani upande ule wa nchi.

Ukienda nyuma zaidi ndiyo kichekesho. Mwaka 1986 Chicago waliingia mtoano na ushindi 30 na vipigo 52. Mwaka 1953 Baltimore waliingia na ushindi 16, vipigo 54. Na msimu wa kwanza kabisa, 1946/47, timu zikiwa 11 tu na ligi ikiitwa BAA, Washington ya kocha Red Auerbach ilishinda 49 ikapoteza 11. Timu bora kwa mbali. Lakini utaratibu uliwakutanisha vinara wa makundi yote mawili kwenye nusu fainali, kwa hiyo Washington wakagongana mapema na Chicago Stags, wakatolewa. Upande wa pili wakapita Philadelphia Warriors waliokuwa na 35-25, wakabeba ubingwa. Na hao Philadelphia Warriors ndio waliohamia San Francisco mwaka 1962, ndio Golden State ya leo. Naam, timu yangu ilikula utamu wa uozo huu kabla haijaanza kuula uchungu wake. Nimelisema mwenyewe kabla hamjaja kunichimba.

Utetezi mkubwa ninaousikia ni safari. Eti Marekani ni kubwa, lazima timu zigawanywe kwa ukaribu. Haya, fungueni ramani. Memphis iko ukingoni mwa mto Mississippi, New Orleans hivyohivyo, nazo zinaitwa Magharibi. Minnesota wamepangwa kundi dogo moja na Portland, zaidi ya kilomita 2,000 kwa ndege, wakati Milwaukee wako chini ya kilomita 600 kutoka kwao, ila Milwaukee ni Mashariki. Ukaribu gani huo?

Na mkia wa msimamo nao una uozo wake. Huku hakuna kushuka daraja kama mpira wa miguu. Ukiwa wa mwisho hushuki popote, unapewa nafasi nzuri ya kuchagua kijana hodari kwenye drafti, pale timu zinapogawana vijana wapya kila mwaka. Kwa hiyo ikifika Februari, timu kadhaa zinajilegeza kwa makusudi. Mchezaji anaumwa mgongo Jumatatu, Jumanne kifundo, Jumatano "anapumzishwa". Philadelphia walifanya hivyo waziwazi miaka mitatu: ushindi 19, kisha 18, kisha 10. Ligi inajua. Dallas ilitozwa dola 750,000 Aprili 2023 kwa kuwaweka nje nyota wake ikiwa bado ina nafasi ya kuingia mchujo. Wakalipa, na chaguo lao la drafti, ambalo wangelipoteza kama wangepanda juu, likabaki mkononi. Utah ilitozwa dola 100,000 Machi 2025. Kwa klabu zenye thamani ya mabilioni hiyo ni nauli ya daladala.

Chaguo la kwanza lenyewe hupatikana kwa bahati nasibu, na kuanzia 2019 timu tatu za mwisho zilipewa nafasi sawa, asilimia 14 kila moja, ya kulipata. Ilikusudiwa kuzuia uvivu. Matokeo? Mei 12, 2025, pale Chicago, Utah waliomaliza mkiani na ushindi 17 wakaangukia chaguo la 5. Chaguo la kwanza likaenda kwa nani? Dallas! Timu iliyomuuza Luka Dončić kwa Lakers usiku wa manane Februari, mashabiki wake wakaandamana, ikamaliza na 39-43, ikatolewa kwenye mchujo, ikiwa na asilimia 1.8 tu ya bahati. Ikampata Cooper Flagg, kijana aliyetamaniwa kuliko wote. Mimi sisemi wamepanga, na wale wa nadharia za njama msiniburuze huko. Nasema utaratibu unaoweza kuzaa matokeo kama hayo haustahili kuitwa wa haki. Detroit wameonyesha njia nyingine: msimu wa 2023/24 walipoteza mechi 28 mfululizo, wakamaliza 14-68, miaka miwili ya mkiani wakaambulia chaguo la 5 mara zote, wakabadilisha kocha, wakakaza, msimu uliofuata 44-38. Hata kama niliitupa simu kwa ajili yao, heshima yao naitoa.

Sasa nilifanya kazi ya kujitesa. Nikachukua daftari la hesabu la mwanangu, nikapanga timu zote 30 kwa safu moja tu, ushindi kwa ushindi. Oklahoma City 68, Cleveland 64, Boston 61, Houston 52, New York 51, wale watatu wa 50 pamoja na Indiana wa 50 pia, Minnesota 49, wale watatu wa 48, Detroit 44, Orlando 41. Hao ni 15. Nafasi ya 16 Atlanta na Sacramento wamefungana kwa 40. Kalamu ikasimama hapo. Miami hayupo. Na nikiri, wakuu, ni yeye peke yake aliyekosekana kati ya waliocheza mtoano. Nilitarajia kukuta maiti nyingi zaidi. Ila Golden State na Memphis wamekaa na Milwaukee pamoja, wa 11, 12 na 13, hakuna anayetumwa mchujo, kila mmoja anavuna alichopanda. Hicho ndicho ninachodai. Safu moja, 16 bora, kwisha.

Ratiba ibadilike pia, hilo lazima. Kila timu icheze na kila timu nyumbani na ugenini, 29 mara mbili, mechi 58. Hawatakubali, najua, maana mechi za nyumbani zitashuka kutoka 41 hadi 29, ndizo usiku 12 za tiketi, na mkataba wa televisheni wa miaka 11 wenye thamani ya takriban dola bilioni 76 haukusainiwa kwa ajili ya mechi 58. Basi wabaki na 82, hizo 24 za ziada wazipange kwa kura kila mwaka. Chochote, ila si huu wa sasa.

NYONGEZA: Naona mmeanza. Aliyeniletea Miami ya 2023, nakubali kabisa, walitoka mchujo wakafika fainali. Lakini ile ilikuwa timu ya ushindi 44, mkuu, siyo 37. Aliyeuliza kwa nini Indiana walifikisha Oklahoma City mechi ya saba kama Mashariki ni dhaifu: sijasema vichwa vya Mashariki ni dhaifu, nimesema mkia. Indiana walishinda 50, kwenye daftari langu wapo kifua mbele. Na aliyesema bila Chicago ya 1986 tusingeona zile pointi 63 za Jordan pale Boston, hapo umenipata, sina jibu. Ila hata siku ile Chicago walifungwa, na wakatolewa 3-0.

Shabiki wa Miami unayeandika kwa herufi kubwa, nitakujibu. Kwanza niandikie matokeo ya mechi ya nne, kwa tarakimu.