Hifadhi ya bahari: mpaka uchorwe vipi, na vyombo vifungwe wapi?

pwezakijivu: Tunaandaa kanuni za hifadhi yenye eneo la kutovua kabisa katikati, na pembeni uvuvi wa mshipi na dema. Rasimu inafuata ukingo wa mwamba, hivyo mpaka umepindapinda. Utasimama mahakamani? Na boti za wapiga mbizi zifunge wapi?

doria_usiku: Unyoosheni. Mistari ifuate latitudo na longitudo inapowezekana, na kila kona iandikwe kwa nukta za GPS, mfumo wa WGS 84 (kipimo cha ramani ambacho GPS hukitumia). Ukiandika "mita 200 kutoka ukingo wa mwamba", wakili atauliza: ukingo upi, maji yamekupwa au yamejaa? Maboya ya mpaka ni ya kumsaidia nahodha tu. Dhoruba huyahamisha, na wapo wanaoyasogeza makusudi.

Jambo la pili ni zito zaidi. Msikataze "kuvua" peke yake, maana doria italazimika kumkuta mtu samaki akiwa kwenye ndoano. Andikeni kuwa chombo kinachopita humo lazima zana zake ziwe zimefungwa na kuhifadhiwa. Zikiwa wazi, ni kosa tayari. Ushahidi uwe picha, saa, nukta ya boti ya doria, pamoja na umbali na mwelekeo wa mtuhumiwa. Nukta yenu peke yake haisemi yeye alikuwa wapi.

nangajuu: Nanga ipigwe marufuku juu ya matumbawe. Yenyewe huvunja inapotua, lakini mnyororo ndio unaofagia duara zima upepo ukigeuka. Wekeni maboya ya kufungia. Penye mwamba mgumu, toboeni na kusimika pini ya chuma cha pua kwa saruji ya majini. Kwenye mchanga wengi hukimbilia zege, wakisahau kuwa likizama hupungua uzito kwa zaidi ya asilimia 40: tani 1 hubaki kama kilo 570. Nanga ya parafujo, inayozungushwa hadi izame mchangani, hushika vizuri zaidi. Kiboya kidogo katikati ya kamba huizuia isilalie matumbawe. Pini za viungio vya chuma vinavyounganisha kamba na nanga zifungwe kwa waya, la sivyo mawimbi huzilegeza zikafunguka. Andikeni juu ya boya urefu wa chombo kinachoruhusiwa.

pwezakijivu: Wavuvi wakijipanga mpakani je?

doria_usiku: Watajipanga, na si kosa, samaki wakiongezeka ndani, wengine hutoka. Ila eneo likiwa dogo kuliko mizunguko ya kila siku ya samaki mnaowalinda, watavuliwa wote hapo nje. Hesabuni samaki ndani na nje kabla ya kufunga eneo. Baadaye hamtakuwa na cha kulinganishia.