Tangi la balasti lililofungwa miezi kadhaa: je, kipimo kimoja cha oksijeni kinatosha?

Swali: Ndugu wataalamu, tunajiandaa kukarabati tangi tupu la balasti (tangi la meli la maji ya kuiweka imara) ambalo halijawahi kubeba mafuta wala kemikali. Msimamizi wangu anaona kwamba kupima oksijeni mlangoni mara moja kunatosha. Je, ni sahihi?

Jibu la 1: Hapana. Kutu huila oksijeni, kwa hiyo hata tangi lililobeba maji ya bahari tu laweza kuua. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) wa mwaka 2011 ulitaka oksijeni iwe asilimia 21, gesi zinazowaka zisizidi asilimia 1 ya kiwango cha chini cha kuwaka (kiasi kidogo kabisa cha gesi hewani kinachoweza kushika moto), na gesi za sumu zisizidi nusu ya kikomo kinachoruhusiwa kazini. Pitisheni hewa kwanza, kisha pimeni juu, kati na chini kwa mrija mrefu kabla mtu yeyote hajaingia, kwa kuwa hewa ya mlangoni haisemi lolote kuhusu sakafu. Rudieni vipimo kila baada ya mapumziko.

Jibu la 2: Naongeza jambo linalopuuzwa mno: mlinzi wa mlangoni. Mwenzake akianguka ndani, apige kengele ya hatari, asimfuate bila kifaa cha kupumulia chenye hewa yake. Barakoa ya kuchuja haiongezi oksijeni. Tangu mwaka 2015, mabaharia wenye majukumu ya kuingia au kuokoa katika nafasi zilizofungwa hufanya mazoezi ya uokoaji kila miezi miwili.

Muulizaji: Ahsanteni. Kibali cha kuingia tangini hakitasainiwa kabla ya vipimo hivyo.