Naomba ushauri: namna ya kukausha na kuuza kungumanga nikiwa Ujiji

Ndugu wanachama, salaam. Niko Ujiji, Kigoma, ambako marehemu baba alipanda miche ya kungumanga aliyoileta kutoka Unguja. Minne iliyo kando ya kijito inazaa vizuri, na mingine ilitokea kuwa midume.

Msimu uliopita nilianika mbegu juani juu ya bati, kama tuanikavyo dagaa, nikazikuta zinachuruzika mafuta na nyingine zimepasuka. Baadaye nilielezwa kwamba hukaushwa taratibu kivulini kwa wiki 6 hadi 8, zikigeuzwageuzwa, mpaka ukitikisa ganda usikie kokwa ikigonga ndani. Hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu mvua zikishika nahofia ukungu. Je, nikiziweka kwenye chanja juu ya jiko, moshi hautaharibu harufu?

Basibasi, yaani ule utando unaolizunguka ganda la mbegu, niliibandua nzima, ikiwa nyekundu kama damu, nikaikausha mpaka ikawa na rangi ya kaharabu. Mnunuzi mmoja akaipima pamoja na kungumanga kwa bei ileile, jambo linaloniuma hadi leo.

Aliyewahi kuuza Unguja au Muheza anieleze kama wanunuzi hupendelea zenye ganda au zilizobanguliwa, na kama mzigo wa kilo 20 unaweza kurudisha nauli ya treni hadi Dar es Salaam.