Mafundi mnaofunga makopo ya kunasa oili na kusema "funga usahau", mnatuulia injini

Wakuu, heshima kwenu. Nimekaa na hili jambo wiki tatu nikisema nipoe kwanza ndipo niandike, lakini sijapoa. Jana nimemalizia deni la kushusha na kupandisha gia boksi, na leo naandika.

Gari ni Hilux Vigo, injini 2KD, dizeli lita 2.5 yenye tabo, ile feni inayoshindilia hewa kwenye injini. Ndiyo inayolisha nyumba yangu. Nabeba viazi na parachichi kutoka vijijini Njombe kushusha Makambako, na mara mojamoja nateremka nayo mlima Kitonga mpaka Dar. Mwezi wa pili nikiwa Dar niliona mipira ya intakula, kipozea hewa inayotoka kwenye tabo, imelowa oili kwenye maungio. Nikaingia gereji moja, jina siliandiki. Kijana akachomoa mpira mmoja, akaingiza kidole, kikatoka cheusi kinang'aa. Akasema injini inapumua, oili inaingia kwenye tabo, dawa yake ni kopo la kunasa oili.

Hapo hakunidanganya. Kila injini inapumua. Mafuta yakilipuka juu ya pistoni, gesi kidogo inapenya pembeni ya ringi za pistoni na kushuka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, na kwenye injini ya tabo inapenya zaidi kwa sababu hewa imeshindiliwa. Gesi hiyo inabeba ukungu wa oili, mvuke wa maji na masizi. Isipopata pa kutokea, presha inajaa. Ndiyo maana kiwandani wanaweka mpira kutoka kwenye mfuniko wa tapeti kwenda kwenye bomba la hewa, kabla ya tabo, ili gesi ivutwe ikachomwe tena. Ubaya wake ni kwamba ile oili inapita kwenye tabo, inatuama kwenye intakula, na ikifika kwenye manifodi, mabomba yanayogawia silinda hewa, inakutana na masizi ya EGR, mfumo unaorudisha moshi wa ekzozi kwenye injini, inakuwa lami. Aliyewahi kufungua manifodi ya D-4D, dizeli za Toyota kama yangu, iliyotembea sana anajua ninachosema, tundu linabaki dogo utafikiri limepigwa plasta. Kopo linakaa katikati ya huo mpira. Gesi inaingia, inapunguza kasi, inajigonga kwenye vizuizi au chujio, oili inadondoka chini, hewa inaendelea na safari ikiwa kavu. Sina ugomvi na hilo hata kidogo.

Ugomvi wangu ni kile nilichofungiwa, na maneno niliyoambiwa. Nililipa laki moja na themanini, kopo na ufundi. Nikauliza, hili linahitaji sevisi gani? Akanijibu, "Mzee hili ni la maisha, funga usahau." Nikamwamini, kwa sababu mimi ni dereva, yeye ndiye fundi.

Mwezi wa sita Njombe mnaijua ilivyo. Asubuhi moja nimetoka na gunia za viazi, baridi kali, umande umelala kwenye kioo. Sijafika mbali, kwenye kupanda, gari ikaanza kutoa moshi wa bluu mpaka nyuma sioni kitu. Nikasimama, nikazima. Chini ya gari, pale injini inapokutana na gia boksi, oili inachuruzika. Nikachomoa kijiti cha kupimia, kikavu. Nikafungua kifuniko cha kujazia oili, ikatoka pumzi kama ya jiko la presha, na injini imeshazimwa!

Nikavutwa mpaka Makambako kwa fundi mmoja mzee. Kitu cha kwanza alichoshika ni lile kopo. Akachomoa mpira wa kuingilia, ndani kumeziba uji mzito, rangi ya chai ya maziwa, unanuka dizeli. Huo ni mvuke wa maji uliochanganyika na oili. Kwenye baridi unaganda haraka, na kopo langu lilikuwa limejaa mpaka mdomoni kwa sababu miezi minne hakuna aliyelimwaga. Lingemwagwaje? Chini halina koki, halina hata nati. Pembeni halina kioo wala kijiti cha kuonyesha kimefika wapi.

Sikilizeni mengine. Mpira wa kiwandani ulikuwa mpana, jamaa wakaunga mpira mwembamba wa milimita 12 kwa sababu ndio uliotosha kwenye midomo ya kopo. Yaani umechukua pua ya injini umeibana. Halafu mpira wenyewe wameupitisha ukining'inia, umefanya tumbo katikati, na maji yote yakatuama kwenye lile tumbo. Mpira ulitakiwa uteremke moja kwa moja mpaka kwenye kopo, usiwe na bonde popote. Na kopo lenyewe wamelifunga karibu na ekzozi, linapikwa siku nzima, oili ibaki mvuke badala ya kudondoka.

Presha ilipokosa njia ikajitafutia yake. Ilisukuma sili ya nyuma ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, oili ikamwagikia klachi. Tabo nayo inapata oili ya kulainisha kutoka kwenye injini na kuirudisha kwenye sampo kwa kuteremka yenyewe, hakuna pampu ya kuivuta. Sampo ikiwa na presha, oili hairudi. Inalazimisha kupita kwenye sili za tabo, nusu inaingia kwenye hewa, nusu kwenye ekzozi. Ule moshi wa bluu ndio huo.

Na wakuu, mimi nina bahati. Injini ya dizeli ikinywa oili yake ya kutosha kupitia kwenye hewa, inaweza kupanda mizunguko yenyewe, na ukizima ufunguo haizimi, kwa sababu ufunguo unakata dizeli tu na yenyewe inachoma oili. Hapo mpaka uizibe hewa, au kwa gari ya gia za mkono uweke gia kubwa, ukanyage breki na kuachia klachi ife. Ingenitokea Kitonga na mzigo, nyuma yangu malori yamepangana?

Gia boksi imeshushwa, sili mpya, diski ya klachi mpya, tabo imefunguliwa na kubadilishwa sili, intakula imeoshwa. Jumla milioni moja, laki moja na hamsini, na siku tisa bila kazi. Nikampigia yule kijana wa gereji. Akaniambia injini yangu ilikuwa imeshachoka, kopo halihusiki. Mzee wa Makambako alipima kompresheni silinda zote nne, ziko sawa, yaani ringi hazijachoka. Nikampigia tena nimwambie. Simu haipokelewi mpaka leo.

Kopo nikalikata kwa msumeno. NDANI HAKUNA KITU. Hakuna kizuizi, hakuna wavu, hakuna chujio. Ni bati tupu lenye matundu mawili yanayotazamana juu, gesi inaingia huku inatokea kule bila kugusa chochote. Hata lingemwagwa kila siku lisingenasa nusu ya oili. Kuna makopo ya kweli, ProVent ya Mann+Hummel kwa mfano ina chujio la kubadilisha na valvu ya usalama inayofunguka chujio likiziba, presha isirudi kwenye injini. Najua bei yake si ya kila mtu. Basi mwambieni mteja ukweli achague mwenyewe, msimuuzie bati kwa jina la kopo.

Na wale mnaojaza makopo matupu kwa waya wa kusugulia sufuria, acheni. Ule waya unakatika vipande vidogo, na mbele yake ni mapanga ya tabo yanayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Mnaoning'iniza mpira chini ya chasisi pia acheni, oili inadondoka barabarani na moshi unaingia kwenye kebini.

Binamu yangu yuko Muscat, ana Tundra, pikapu ya Toyota, ya petroli lita 5.7 yenye supachaja, inayoshindilia hewa kama tabo ila inazungushwa na injini yenyewe. Nilipomsimulia akashangaa. Kwake fundi alimkalisha chini kabla ya kufunga. Akaambiwa ukungu wa oili ukichanganyika na petroli injini inaanza kugonga, akaonyeshwa njia mbili za kupumua na valvu ya kuzuia presha ya supachaja isirudi kwenye krenki, akaambiwa amwage lini. Nusu saa ya maneno. Hiyo nusu saa mimi ningelipia.

Mzee wa Makambako amenifungia lingine lenye wavu na koki, mpira mpana, limekaa mbele mbali na joto. Mwezi huu wa mwanzo namwaga kila Jumamosi na kupima kwenye chupa, nijue linajaa kwa kasi gani. Baridi ikiwepo siruki wiki. Kila nikibadilisha oili, wavu unaoshwa na mpira unapulizwa. Kinachotoka sikirudishi kwenye injini, kina maji na dizeli na asidi. Na kasi ya kujaa ikipanda ghafla, ameniambia nikapime ringi, nisikimbilie kununua kopo kubwa zaidi.

Mwenye gereji, najua mko humu, na picha ya kazi yenu nilipiga kabla kopo halijafunguliwa. Sidai fidia ya siku tisa. Nadai hela ya gia boksi na sili. Kopo lililokatwa liko mezani kwangu, mwenye kupita Makambako aje alitazame kwa macho yake.