Kuku wanakufa bandani wakati wa theluji: ni baridi au kuna mnyama?

Shamba_Maine
Salaam wandugu. Niko shamba nje ya Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, nina kuku 22 na mbuzi 5. Usiku baridi inafika -22 sentigredi. Nimeziba matundu yote ya banda kwa nailoni, lakini asubuhi dirisha lina umande ulioganda kwa ndani na panga za majogoo (zile nyama nyekundu za kichwani) zimekuwa nyeusi kwenye ncha. Jana usiku kuku 4 wameuawa. Hawakuliwa, wana vidonda vidogo nyuma ya shingo, na wamerundikwa pamoja kwenye kona. Mlango ulikuwa umefungwa. Niwashe taa ya joto? Na huyu ni mnyama gani? Pia kulungu wanakuja jioni kwenye nyasi za mbuzi, watoto wanaomba tuwawekee mahindi.

Bi_Maranda
Pole kwa hasara, ndugu yangu. Hiyo nailoni ing'oe leo hii. Kilichounguza panga za majogoo ni unyevu zaidi kuliko baridi yenyewe. Kuku wanatoa mvuke usiku kucha, na kinyesi chao kimejaa maji. Ukiziba, mvuke unatua kwenye upanga na kugandia hapo. Umande wa dirishani ndio kipimo chako: ukiuona kwa ndani, hewa haitoshi. Matundu yawe chini ya paa, juu ya vichwa vya kuku waliolala, ili unyevu utoke bila upepo kuwapiga. Maranda makavu yafike sentimita 15, uyageuze kila baada ya siku chache. Kitulio kiwe ubao wa inchi 2 kwa 4, upande mpana juu, ili kuku akilala manyoya ya tumbo yafunike vidole vyote.

Taa ya joto usiwashe, nakusihi. Balbu ya wati 250 ikianguka kwenye maranda makavu, banda linateketea na kuku wako ndani. Kuku mzima aliye mkavu na ameshiba anaihimili baridi hiyo. Kinachomwangusha ni kukosa maji, kwa sababu bila maji hali chakula. Tumia ndoo za mpira (barafu inatoka ukizipiga chini, hazipasuki) na ubadilishe maji mara 3 kwa siku.

FuataNyayo
Huyo ni kicheche, yule wa nchi za baridi anayegeuka mweupe akabaki na ncha nyeusi ya mkia. Anang'ata nyuma ya shingo, anaua kuliko anavyoweza kula, na kurundika. Tundu la inchi 1 linamtosha.

Hakikisha kwenye theluji. Nyayo zake huenda mbilimbili, kando kwa kando, na mara nyingine zinazama chini ya theluji na kuibuka mbele. Mbweha huacha mstari mmoja ulionyooka. Rakuni (mnyama mdogo wa porini wa Amerika) ana alama kama kiganja cha mtoto, vidole 5, lakini kwenye baridi kali hutulia pangoni. Kuku akikosa kichwa tu, mshuku bundi; huyo usimdhuru, maana bundi na mwewe wanalindwa na sheria ya shirikisho ya ndege wahamao ya 1918. Funika uwanja kwa wavu.

Wavu wa kawaida wa kuku haumzuii kicheche. Weka wavu mgumu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi, ukazwe kwa skrubu na washa (vipete bapa vya chuma), hata kwenye matundu ya hewa. Ardhi imeganda, huwezi kuchimba, kwa hiyo ulaze chini sentimita 60 kuzunguka banda na ugandamize kwa mawe. Kisha hamishia chakula kwenye pipa la chuma lenye mfuniko: kicheche alifuata panya, panya walifuata chakula.

MbuziNaNyasi
Kuhusu kulungu, mahindi hapana. Vijidudu vya tumbo lake wakati huu vimezoea vijiti na magome. Wanga mwingi wa ghafla unageuka asidi na kumuua akiwa ameshiba. Na nyasi zifungie ndani. Kulungu hubeba mnyoo wa utando wa ubongo bila kuugua. Mabuu hutoka na kinyesi, masika konokono wanayabeba, mbuzi akimeza konokono pamoja na majani, miguu ya nyuma inapooza. Kadiri unavyowakaribisha sasa, ndivyo malisho yako yanavyochafuka.

Mbuzi wape maji ya vuguvugu, hasa madume waliohasiwa. Wakinywa kidogo wanapata mawe kwenye njia ya mkojo.

Shamba_Maine
Asanteni sana. Nimekuta tundu nyuma ya viota, limetafunwa, ukubwa wa sarafu ya robo dola. Povu la kuzibia linafaa?

FuataNyayo
Povu panya watalitafuna tena. Pigilia kipande cha bati ndani na kingine nje, kabla giza halijaingia, maana huwa anarudi alikoua. Mizoga usiitupe pembeni ya shamba, utawaita mbweha na koyote (mbwa mwitu wadogo wa Amerika).

Bi_Maranda
Na panga zilizoungua usizisugue wala kuzikata. Sehemu nyeusi itakauka na kudondoka yenyewe.