Tupeane uzoefu: Passo, Cami, Terios na kirikuu (vile vipikapu vya mizigo). Sifa ya Daihatsu bado ipo?

Mleta mada

Habari zenu wakuu.

Gari ndogo zimejaa barabarani kwetu, na nyingi kati ya hizo, hata zenye nembo ya Toyota mbele, zimetoka mikononi mwa Daihatsu. Passo ni Daihatsu Boon. Duet ni Storia. Cami ni Terios, na Rush iliyotoka 2006 ni Be-Go. Injini ya silinda tatu ya Passo, 1KR-FE ya cc 996, ni kazi ya Daihatsu, na ile ya cc 1,297 inayoitwa K3 ni yao pia. Wengi wanaosema hawanunui Daihatsu wanaiendesha kila siku bila kujua.

Kampuni hii ni ya Osaka. Ilianza 1907 ikitengeneza injini, na tangu 2016 ni mali ya Toyota kwa asilimia 100. Sifa yake miaka yote ilikuwa gari la bei ya chini, linakunywa mafuta kidogo na fundi yeyote analimudu. Ndipo tarehe 20 Desemba 2023 ikatoka ripoti ya kamati huru: visa 174 vya udanganyifu katika majaribio ya usalama, aina 64 za magari zimehusika, mengine yakiuzwa kwa majina ya Toyota, Mazda na Subaru, na kisa cha zamani kuliko vyote ni cha 1989. Kampuni ikasimamisha kupeleka sokoni magari yake yote, ya Japani na ya nje. Januari 2024 serikali ya Japani ikafuta kibali cha gari tatu za mizigo, Gran Max, Town Ace na Bongo.

Kilichoniuma ni namna walivyodanganya. Katika jaribio la kugongesha gari, eabegi, yaani mfuko wa hewa, inatakiwa ifumuke kwa amri ya kompyuta ya gari lenyewe iliyohisi mshindo. Wao katika baadhi ya majaribio waliifyatua kwa kuitegeshea muda, kwa sababu kompyuta haikuwa tayari na ratiba ilikuwa inabana. Hayo majaribio ndiyo mnunuzi anayoyaamini bila kuyaona. Injini mbovu utaisikia asubuhi ukiwasha. Eabegi mbovu utaijua siku moja tu.

Serikali ya kule iliyapima magari upya na kuyaruhusu tena hatua kwa hatua mwaka 2024. Sawa. Lakini sisi huku tunanunua yaliyokwishatumika, na wengi wetu tunauliza mafuta na spea basi. Naomba mnaozimiliki mtueleze ukweli, uzuri kwa ubaya. Ombi moja: ukilalamikia jambo lililokupata, eleza ugonjwa, usitaje kampuni, yadi wala gereji. Tunataka watu wajifunze, hatutaki kesi.

Mdau, Nakuru

Ndugu zangu, sisi wa rika la zamani tuliijua Daihatsu kabla ya hizo Passo. Safari Rally ya 1993, Toyota Celica zilichukua nafasi nne za kwanza. Nyuma yao, nafasi ya 5, ya 6 na ya 7, zilikuja Charade, gari za injini ya lita moja, silinda tatu na tabo. Tulisimama kando ya barabara tukipigwa vumbi, na kila gari kubwa lililokwama lilitufanya tuzipende zile Charade zaidi. Mzee wangu alinunua Charade kuukuu baada ya hapo na tulienda nayo shuleni hadi rangi ikaisha. Hakuna aliyeiita gari la maskini.

Kinachonishangaza ni soko la leo. Rush na Be-Go zikisimama pamoja, mwaka mmoja, hali moja, yenye nembo ya Toyota inatajwa bei ya juu na mteja hata habishi. Injini ni ileile ya 3SZ ya cc 1,495. Tunalipia nembo. Sasa nauliza: kama nembo ndiyo tuliyoilipia ili tuwe na imani, na majaribio yaliyodanganywa yalihusu hata gari zenye nembo hiyo, hiyo pesa ya ziada imenunua nini?

Mdau, Iringa

Mimi nina Passo ya 2007, namba ya usajili C, silinda tatu. Mlima Kitonga inapanda. Usiikimbize, weka gia ya chini, zima AC, waache wenye haraka wapite. Haijawahi kuchemsha. Injini inatikisika ikiwa imesimama kwenye foleni na mgeni hudhani ni plagi, kumbe silinda tatu ndivyo zilivyo, na maunti, zile raba zinazoshikilia injini, zikichoka ndiyo zaidi. Nikibadilisha maunti inatulia. Haina timing beliti, ni cheni, kwa hiyo oili isikae hadi ikawa lami. Ndiyo siri yote.

Eabegi sijawahi kuifikiria hadi leo. Kesho naangalia taa yake.

Mdau, Dodoma

Langu ni la aina hiyo ya udogo, jina naliacha. Gia boksi yake ni CVT, haina gia za kawaida, ina mkanda wa chuma. Yadi waliniambia ni otomatiki tu kama zingine. Gereji niliyoelekezwa wakamwaga mafuta yake wakajaza ATF, mafuta ya gia boksi za otomatiki za kawaida, yale mekundu, na kunihakikishia ni sawasawa. Haikuchukua muda ikaanza kulia kama filimbi nikikanyaga, kisha ikawa inateleza: injini inapanda, gari haliendi. Nikaambiwa "gari hizi ndivyo zilivyo, ni za kutupa." Fundi mwingine akanionyesha kijiti cha mafuta na maandishi yaliyo kwenye boksi lenyewe, yanayotaka mafuta ya CVT. Mkanda ulikuwa umeshachubuka. Nimenunua boksi ya mtumba mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nimeisafirisha kwa basi, na bei yake ingenilipia karo ya mtoto.

Naandika kwa uchungu kwa sababu lile neno "za kutupa" linasemwa na walewale walioliharibu. Nusu ya sifa mbaya ya gari za bei nafuu inatengenezwa hapahapa nchini.

Mdau, Lushoto

Nina kirikuu, inabeba karoti na kabichi hadi Mombo na mara nyingine Tanga mjini. Injini ya cc 660. Japani gari hizi kisheria hubeba kilo 350. Huku wenye mzigo wanataka upakie hadi chesesi ilie, ukikataa wanakwenda kwa mwenzako. Kwa hiyo springi, hedi gasketi na klachi ndivyo vinavyoondoka kwanza, na hilo simlaumu Mjapani.

Malalamiko yangu ni kutu. Niliinunua chini pamepigwa rangi nyeusi mpya, inang'aa, nikaambiwa imefanyiwa sevisi. Mvua za masika za kwanza rangi ikabanduka kama ganda. Chini ya bodi unapitisha kidole. Mchomeleaji kaweka viraka hadi sasa kuna bati nyingi kuliko gari.

Mdau, Yokohama

Nipo huku nanunua magari mnadani kwa ajili ya wateja wa Dar na Mombasa, naomba nichangie mawili.

La kwanza, kutu. Mikoa ya kaskazini kama Hokkaido humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na kirikuu ni gari za wakulima na wavuvi, zinashinda kwenye matope na ufukweni. Karatasi ya mnada inaonyesha. Herufi S ni kutu, C ni kutu iliyokula bati. Omba karatasi halisi, usipokee iliyotafsiriwa na muuzaji peke yake. Rangi nyeusi mpya chini ya gari kuukuu ni ya kuulizia kila mara.

La pili, mimi nilikuwa hapa skandali ilipolipuka. Kamati ilirudi nyuma hadi Mira e:S ya 2011, gari lililotengenezwa kwa muda mfupi kuliko ilivyozoeleka na kuuzwa kwa bei ya chini sana. Kampuni ikaona imepata dawa, kila gari jipya likapangiwa muda mfupi. Wapimaji wakawa watu wa mwisho kwenye foleni: wenzao wote wakichelewa, wao ndio wanaobanwa, na ilitakiwa gari lipite jaribio kwa mara ya kwanza. Aliyefichua ni mtu wa ndani. Aprili 2023 ilianza na gari za nje ya Japani, ikiwemo Toyota Yaris Ativ, kwenye jaribio la kugongwa ubavuni. Walikuwa wamechana kidogo upande wa ndani wa mlango wa gari la majaribio ili uvunjike kwa usalama, wakati mlango wa mteja haukuchanwa. Viwanda vyote vya Japani vikasimama. Machi 2024 mkurugenzi mkuu akabadilishwa, akaja Masahiro Inoue kutoka Toyota.

Ninachowaambia wateja wangu: gari la bei nafuu si lazima liwe bovu. Hizi injini zinadumu, 1KR ilishinda tuzo ya kimataifa ya injini za chini ya lita moja mwaka 2007 na miaka iliyofuata. Bei nafuu ilibana mahali ambapo mteja haoni.

Mdau, Dar es Salaam

Asante mleta mada, hili limenigusa.

Mdogo wangu alinunua gari dogo kwa mtu, namba ya usajili D, safi, siti zina plastiki. Dashibodi haina taa hata moja inayowaka. Akagongana uso kwa uso na daladala maeneo ya Mbezi, mwendo wa kawaida. Eabegi haikutoka. Mkanda ulimshika lakini uso ulifika kwenye usukani, taya likavunjika, akalishwa kwa mrija. Tulipokwenda kulichukua gari, fundi alifungua kifuniko cha usukani mbele yetu. Ndani palikuwa na sponji. Sponji ya kuoshea vyombo, imekatwa vizuri kabisa ili kifuniko kisibonyee. Upande wa abiria hakuna kitu, dashibodi imeshonwa na kupakwa rangi. Gari lilikuwa limeshapata ajali kabla, eabegi zikafumuka, mtu akaona ni gharama, akafunika.

Aliyeuza anasema na yeye aliuziwa hivyo. Huenda ni kweli.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba Wajapani walisimamisha kampuni nzima kwa sababu eabegi ilifyatuliwa kwa muda badala ya kompyuta, nafikiria sponji. Kule kuna mtu alipima, mtu alifichua, mtu alijiuzulu. Huku gari likishakuwa mtaani linabadilisha wamiliki mara tatu na hakuna anayefungua ule usukani.

Mdau, Unguja

Poleni sana dada, Mungu amjaalie shifaa.

Cami yangu ni ya 2001, 4WD ya muda wote, kule shamba inapita palipo na Noah zilizokwama. Chumvi ya bahari ndiyo adui. Naosha chini kila Ijumaa. Silalamiki.

Fundi umeme wa magari, Mwanza

Wakuu, hii ya sponji sishangai, nimekutana nayo, na nimekutana na vitambaa pia. Naeleza namna ya kuikamata kabla hujatoa pesa.

Zungusha ufunguo hadi ON, usiwashe injini. Taa nyekundu ya mtu aliyekaa na duara mbele yake, au iliyoandikwa SRS (mfumo wa eabegi), lazima iwake sekunde chache kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, wameing'oa balbu au wamekata waya. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Sasa wajanja hawaishii hapo. Wanaiunganisha na taa ya oili, ili ziwake pamoja na kuzima pamoja. Angalia: kama ya eabegi inasubiri injini iwake ndipo izime, sambamba kabisa na ya oili, shuku. Wengine wanaweka rezista ndogo mahali pa eabegi ili kompyuta idhani ipo, na hapo hata mashine ya kupimia inadanganyika. Kwa hiyo mashine peke yake haitoshi. Tazama kifuniko cha usukani: rangi yake ilingane na dashibodi, maandishi ya SRS yawe yamechongwa, yasiwe ya stika. Pitisha mkono kwenye dashibodi upande wa abiria utafute mshono. Vuta mkanda wote hadi mwisho. Mikanda mingi ya mbele ina baruti yake inayoukaza ajali ikitokea. Ikishalipuka mara nyingi mkanda hukwama au haurudi vizuri.

Na ukinunua kwa pesa yako, una haki ya kuomba kifuniko kifunguliwe. Betri itolewe terminali kwanza, isubiriwe dakika kadhaa, ndipo afungue anayejua. Asichokonoe kwa bisibisi betri ikiwa imefungwa, ile ni baruti.

Mdau, Iringa

Mkuu fundi, nimeangalia ya kwangu. Taa haiwaki kabisa. Nifanyeje?

Fundi umeme wa magari, Mwanza

Usiogope kwanza, inawezekana ni balbu. Mwambie fundi atoe saa ya dashibodi, ile paneli ya spidi na taa, aangalie balbu na kama kuna waya uliokatwa. Kama balbu ipo na waya umekatwa, afungue usukani na upande wa abiria aone kama mifuko ipo. Ikiwa ipo, tatizo mara nyingi ni ule waya uliojikunja nyuma ya usukani, unakatika kwa uzee, na kwenye gari hizi ni spea ya kawaida.

Ikiwa mifuko haipo, usinunue mfuko mmoja ukadhani umemaliza. Inatakiwa mifuko yote miwili, mikanda ya mbele, na kompyuta yake, kwa sababu kompyuta ikishafyatua mara moja huhifadhi kumbukumbu ya ajali na nyingi hazikubali kufanya kazi tena. Vitoke kwenye gari la mwaka huohuo na modeli hiyohiyo, kwa Passo yako ni KGC10 au KGC15, angalia kibati. Kabla ya kununua chochote, nitumie picha ya saa ya dashibodi ufunguo ukiwa ON na picha ya kifuniko cha usukani.