Watoto wa Bibi: Salma yupo Tanga, vyombo viko njiani

*Jumamosi*

Salma: Shikamooni wakubwa. Tulifika jana usiku salama. Basi limetushusha stendi ya Kange, tukachukua bajaji mpaka Chumbageni. Nyumba nzuri, ina upepo kila dirisha, ila tupu kabisa. Lori la vyombo limeharibika, dereva anasema labda Jumatatu.

Mama: Marahaba mwanangu. Alhamdulillahi. Sasa mmelalia nini?

Idi: Mkeka wa jirani, mama. Shikamoo. Mto wangu ni begi la Da Salma, lina viatu ndani.

Mama Mdogo: 😂😂 Na cha kupikia?

Salma: Sufuria moja nilibeba mkononi, kisu, ndoo, vikombe vya plastiki, kanga. Na chandarua kipya.

Mjomba: Kazini unaripoti lini?

Salma: Jumatatu, Mjomba. Wikendi hii tunauzunguka mji.

Mjomba: Safi. Anzeni Amboni, kwenye mapango. Kilomita nane tu kutoka mjini, barabara ya Horohoro. Kisha boma la Wajerumani, pale kuna makumbusho. Kisha mnara wa saa. Kisha Raskazone jioni.

Mama Mdogo: Kaka, watoto hawajanywa hata chai.

Mjomba: Chai waende Ngamiani. Barabara zimepewa namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, unahesabu tu. Hata mtoto hapotei.

Idi: Tumeuliza wapi kuna mbaazi nzuri. Kila mtu anatutuma barabara anayokaa yeye.

Tunu: Fuateni foleni ya baiskeli. Watu wa Tanga na baiskeli! Zikiegeshwa nyingi mahali, hapo pana chakula.

Salma: 📷 Picha

Salma: Tunu una akili. Mbaazi zimelegea hazijapasuka, tui limekaa juu zito, na mahamri yana iliki ya kweli, si ya kusingizia. Mama anayeuza amenitazama akaniuliza, "Mgeni?" Nikasema nimehamia. Akaniongezea upawa mmoja wa mbaazi.

Mama Mdogo: Waja leo waondoka leo, wameshaanza kukufunga kamba 😂

Bibi: 🎤 Sauti (2:06)

Mama Mdogo: Kwa wasio na bando, Bibi anasema: msimalize pesa kwenye vibanda, mchana mpike. Nendeni Deep Sea, sokoni kwa samaki, mashua zikishaingia. Changu achanjwe, abanikwe, apakwe tui. Mfungue mashavu, yawe mekundu. Macho yawe yametoka nje, si yaliyozama. Mbonyeze ubavuni, kidole kikiacha shimo mwache palepale. Na msinunue kwa dalali wa kwanza.

Salma: Sawa Bibi. Ila Bibi, sina mbuzi, sina kinu, sina kifumbu, sina jiko.

Bibi: 🎤 Sauti (0:04)

Tunu: Bibi kasema "Mikono unayo?" 😂😂😂

*Saa 5 asubuhi*

Idi: Jamani Deep Sea! Samaki wanamwagwa chini kwenye mafungu, dalali anataja bei, watu wananyanyua nyusi tu, ishauzwa. Mimi nilijikuna sikio, nikaambiwa nimenunua pweza.

Mama: Umelipa?

Idi: Wamenicheka tu. Tumechukua changu mkubwa na fungu la tasi.

Mjomba: Tasi angalieni miiba yake. Ina sumu.

Salma: Mjomba umechelewa dakika tano. Idi kashachomwa kwenye kidole gumba akiwaosha.

Mama: Yarabi! Yuko hospitali?

Salma: Hapana mama, yuko na mimi. Nimeomba maji ya moto kwa mama lishe, nimemtumbukiza mkono. Moto ule anaoweza kuuvumilia bila kuungua, nusu saa na zaidi. Ile sumu haipendi joto, maumivu yanashuka. Kidonda nimekitazama, hakuna kipande cha mwiba.

Idi: Nalia lakini kiume.

Tunu: Tuma sauti tusikie 😂

Salma: Sasa sikieni niliyoyaona. Kijana anayepara samaki hana kisu. Ana kijiti cha urefu wa mkono, amegongelea vifuniko vya soda, ile midomo yenye meno imetazama nje, safu mbili. Anavuta kutoka mkiani kwenda kichwani, magamba yanaruka kama mvua. Nikamtazama, nikaitazama nazi kwenye mfuko wangu.

Mama Mdogo: Usiniambie.

Salma: Nimemwomba anitengenezee kipya. Misumari kaitoa kwenye boksi la samaki, vifuniko tumeokota kwa muuza soda. Nitavichemsha kwanza.

Mama Mdogo: Nazi itatoka mabonge. Tafuta blenda kwa jirani, kata vipande, saga na maji, umemaliza.

Bibi: 🎤 Sauti (1:15)

Tunu: Naandika mimi, mama kakasirika. Bibi anasema nazi ya blenda inatoa povu na mafuta yanajitenga, tui lake haliwi tui. Anasema hivyo vifuniko vyema, lakini akune taratibu asifike kwenye ganda jeusi, tui litakuwa na rangi ya maji ya mtaro.

Mama Mdogo: Mimi napikia blenda mwaka wa ngapi huu na Bibi anakula hapa hapa kwangu.

Bibi: 🎤 Sauti (0:03)

Tunu: Hiyo siandiki.

*Saa 7 mchana*

Salma: 📷 Picha

Salma: Imekunika! Inachosha bega ila machicha ni laini kuliko nilivyotegemea. Sasa kuchuja. Kifumbu hakuna.

Mjomba: Si una chandarua kipya? Kata kipande.

Salma: Mjomba! Chandarua kina dawa ya kuua mbu.

Mama Mdogo: Anataka kutuulia watoto huyu 😂

Mjomba: Mimi nilikuwa nafikiria matundu tu.

Mama: Tumia kanga mpya iliyofuliwa, isuuze mara nyingi harufu ya sabuni itoke.

Bibi: 🎤 Sauti (1:52)

Tunu: Bibi: maji ya vuguvugu kikombe kimoja tu, fikicha, kamua. Hilo tui la kwanza, weka kando, mtu asiliguse. Ongeza maji, kamua tena, la pili ndilo la wali. Tui la kupaka, usilifunike na usiliache, likoroge upande mmoja mpaka litulie, ukienda kuchati litakatika. Kitunguu saumu, tangawizi, chumvi, binzari ya rangi tu. Pilipili nzima usiipasue. Ndimu ukishaepua.

Salma: Kitunguu saumu nimekiponda kwa jiwe la uani, nimeliosha. Jirani kanipa mkaa kidogo, umeisha kwenye wali. Sasa naweka vifuu kwenye mafiga.

Mjomba: Vifuu vina moto mkali, subiri moshi uishe ndipo umweke samaki. Wavu mnao?

Idi: Hatuna. Nimekata tawi bichi la mpera, nimelipasua katikati mpaka karibu na mwisho, samaki kaingia katikati, mdomo wa kijiti nimeufunga kwa katani. Katani nimeiloweka ili isiungue. Jirani ndiye kanionyesha, kamba kaikata kwenye gunia lake.

Mjomba: Mkonge wa Tanga huo! Mnajua mbegu yake ililetwa na Mjerumani mmoja, Hindorf, mwaka 1893, kutoka Florida? Katika miche yote aliyoagiza, iliyofika hai ni 62 tu. Halafu mashamba yote yale mliyoyapita kwenye basi...

Mama Mdogo: Kaka, samaki anaungua.

Idi: Kweli upande mmoja umeshika rangi kidogo 😅

Mama: Wali umeufunika na nini?

Salma: Sahani ya bati ya jirani, na vijimkaa vyake juu. Usiku wa leo nitamtengenezea jirani huyu sherehe.

Mjomba: Mnaposubiri, niwape habari ya vita vya nyuki. Novemba 1914 Waingereza wakashusha jeshi kubwa kutoka Uhindi hapo hapo Tanga, Wajerumani na askari wao wachache. Nyuki wakatoka msituni wakawatimua Waingereza mpaka majini.

Tunu: Mjomba, nyuki waliuma pande zote mbili. Wale hawakuwa na upande.

Mjomba: Lakini Waingereza ndio waliorudi melini.

Tunu: Hilo kweli.

*Saa 8 na nusu*

Salma: 📷 Picha
Salma: 📷 Picha

Mama: Mashaallah. Mashaallah.

Mama Mdogo: Rangi ya tui hiyo! Limeshikana juu ya samaki, halijachuruzika. Haya nakubali, kijiti kimeshinda blenda. Kwa leo.

Idi: Hatuna sahani. Tumepakua kwenye jani la mgomba. Mimi nakula kwa mkono wa kushoto kwa sababu gumba la kulia limefungwa, msamaha kwa wote.

Bibi: 🎤 Sauti (0:09)

Tunu: Bibi kasema Salma amlishe.

Salma: Nusu ya samaki nimeipeleka kwa jirani kwenye ile sahani yake ya bati. Kaipokea, kaniuliza nani kanifundisha, nimemwambia bibi yangu, kwa simu. Kaomba aongee naye.

Mama: Wameongea?

Mama Mdogo: Saa nzima! Simu yangu imebaki asilimia tatu. Kumbe kwao ni Tongoni, wanajuana na ukoo wa shangazi yake Bibi. Wamemaliza kumtafuta mume wa mtu aliyekufa zamani mno.

*Jumapili*

Idi: Sahani ya bati imerudi asubuhi, juu yake mkate wa kumimina, bado wa moto. Kiporo cha wali tumekipasha na tui lililobaki. Sasa tunaelekea Amboni. Kidole kimepona.

Mjomba: Chukueni tochi. Na viatu vya kushika, mle kuna utelezi.

*Saa 6 mchana*

Salma: Tumetoka. Jiwe la chokaa tupu, maji yamelila kwa mamilioni ya miaka. Mwongoza wageni anamulika ukutani: hapa mamba, hapa tembo. Ukishaambiwa unamwona, usipoambiwa ni jiwe. Mahali pengine unatambaa. Popo kibao, na harufu yao.

Idi: Kuna sehemu watu wameweka sadaka za mizimu. Tumepita kimya.

Mjomba: Mliambiwa linatokea Mombasa? Na mbwa wa wazungu aliyeingia akaja kuonekana Kilimanjaro?

Salma: Tumeambiwa, Mjomba. Ila wataalamu wa Kijerumani na Kituruki waliyapima mwaka 1994, lililo refu kuliko yote lina mita 900 hivi.

Mjomba: Hao walipima mapango. Mbwa hawakumpima.

Mama Mdogo: 😂😂😂

Tunu: Mjomba hashindiki.

Salma: Wageni wanaingia pango moja tu kati ya kumi. Kwangu mimi bora ulikuwa ule ukumbi wa kwanza kabisa, kabla hujatambaa, paa liko juu kama la msikiti mkubwa. Mbele Idi alifurahi zaidi, mimi nilikuwa nahesabu pumzi.

Mama: Tongoni je? Bibi anauliza mmefika kwenye magofu?

Salma: Hatujafika mama. Ni barabara ya Pangani, upande mwingine kabisa. Tutakwenda na jirani wiki ijayo, anataka kuzuru kwao, nasi tuone ule msikiti na makaburi ya nguzo.

Bibi: 🎤 Sauti (0:47)

Mama Mdogo: Bibi anasema mkifika msikanyage makaburi kwa ajili ya picha, na mwulize huyo jirani kama ule mkwaju bado upo.

*Saa 11 jioni*

Idi: Raskazone. Maji yamejaa. Da Salma kakaa na mihogo ya kukaanga yenye pilipili, mimi nimeingia majini. Watoto wadogo wanaruka kutoka ukutani kama vyura, mimi nimeshuka kwa ngazi.

Tunu: Picha ya ngazi tafadhali.

Salma: Dereva wa lori kapiga. Kesho saa 4 atakuwa Tanga. Mimi nitakuwa kazini, Idi atapokea.

Mama: Idi kabla ya kusaini hesabu vyombo. Kabati la vioo ufungue uone.

Mama Mdogo: Na kwenye boksi la jiko kuna mbuzi niliyemfunga kwa gazeti. Mwangalie meno.

Salma: Mamdogo ulinifungia mbuzi wa nazi na hukuniambia?

Mama Mdogo: Si nilijua utakuwa na vyombo vyako!

Bibi: 🎤 Sauti (0:31)

Tunu: Bibi anataka ng'onda wa nguru na machungwa ya Muheza. Yapande basi la asubuhi la Dodoma.

Mjomba: Andikeni namba ya Mama Mdogo kwenye mzigo kwa kalamu isiyofutika. Na ng'onda funga kwenye mifuko miwili, abiria wasije wakalalamika.

Idi: Nauli ya mzigo nani anatuma?

Idi: Jamani?

Idi: Naona wote mmesoma, alama za bluu hizi hapa.

Mama Mdogo: Mjomba wenu anatuma.

Mjomba: Haya, namba ni ile ile ya Salma?